Mama mdogo wa Otto Robert

Leo ni tarehe 7 Novemba, siku aliyozaliwa Marie Curie, na kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu wa fizikia picha yake imetumwa tangu alfajiri, ileile ya kila mwaka. Sina ugomvi na Marie. Ila tarehe hiihii, miaka 11 baada yake, alizaliwa mwanamke mwingine mjini Vienna, na yeye hakuna aliyemtuma. Anaitwa Lise Meitner, mwanafizikia, wa mwaka 1878. Hata karani wa usajili alimkosea: kwenye daftari la jumuiya ya Wayahudi wa Vienna ameandikwa tarehe 17. Mwenyewe alisherehekea tarehe 7 maisha yake yote. Basi mimi namfuata mwenye siku yake, karani shauri yake.

Ninafundisha sekondari hapa Songea. Mada ya mionzi na viini vya atomu iko kwenye muhtasari wa kidato cha nne, na wengi wetu tunaipitia mbiombio huku mtihani wa taifa unabisha hodi. Mwaka huu ningefanya hivyohivyo, kama si kijana mmoja wa nyuma kabisa, anayetoka Namtumbo, aliyenyoosha mkono wakati nimeshaanza kufuta ubao.

"Madam, hiyo urani ya kwetu kule Mto Mkuju, moto wake umekaa wapi ndani ya jiwe?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana hilo ndilo swali lenyewe. Jiwe la urani, madini yanayotoa nguvu za nyuklia, unaweza kulishika mkononi, baridi kama jiwe lolote la mtoni. Makaa ya mawe unayaona yakiwaka, unaelewa. Hili haliwaki. Sasa moto uko wapi? Nikaweka dasta chini. Kwa mujibu wa sheria natakiwa kufundisha kwa Kiingereza, lakini kuna mambo nikitaka yaingie kichwani lazima nigeukie lugha ya nyumbani, na siku ile niligeuka moja kwa moja. Nikawaambia: kaeni vizuri, niwasimulie habari za barua.

Barua yenyewe iliandikwa Berlin usiku wa tarehe 19 Desemba 1938. Mwandishi ni Otto Hahn, mkemia. Yeye na mwenzake Fritz Strassmann walikuwa wamepiga urani kwa nyutroni, chembe ndogo zisizo na chaji zinazotoka kwenye kiini cha atomu, halafu wakachambua kilichobaki. Walitegemea kukuta radiamu, ambayo ni namba 88, yaani kiini chake kina protoni 88, jirani tu na urani ambayo ni namba 92. Kila walipochambua, mzigo wao ulikuwa na tabia za bariamu. Bariamu ni namba 56. Ni kama umerusha kokoto ukutani, ukategemea chokaa ibanduke kidogo, kumbe nyumba nzima imegawanyika mbili. Hahn alikuwa mkemia wa kutegemewa, hakuwa na shaka na vipimo vyake, lakini fizikia ya jambo hilo ilimshinda. Akamwandikia mtu aliyefanya naye kazi miaka 30, akimwomba ambunie maelezo, hata yawe ya ajabu namna gani.

Mtu huyo alikuwa Sweden, mkimbizi.

Nitarudi kwenye ukimbizi wake. Kwanza nimalize habari ya barua, kwa sababu darasani nilifanya hivyo.

Krismasi ile Lise alialikwa na rafiki yake kwenye mji mdogo wa Kungälv, karibu na Gothenburg. Otto Robert Frisch, mwanafizikia kijana, naye akaja kutoka Copenhagen, alikokuwa akifanya kazi kwa mwanafizikia mkubwa Niels Bohr. Vitabu vya Kiingereza vinasema Lise alikuwa shangazi yake, kwa sababu Waingereza wana neno moja tu, dada wa baba na dada wa mama wote wanatiwa kapu moja. Sisi hatuwezi kuridhika na hilo. Mama yake Otto Robert ni Auguste, na Lise ni mdogo wake Auguste wa kumfuatia. Kwa hiyo Lise ni mama mdogo. Nami niliyelelewa na mama mdogo tangu darasa la tatu, nilipogundua hivyo habari yote ilibadilika machoni pangu. Huyu si shangazi mkali wa kuogopwa. Huyu ni mama, na yule ni mwanawe.

Tena Krismasi yenyewe haikuwa ya furaha. Baba yake Otto Robert, shemeji yake Lise, alikuwa amekamatwa mwezi uliopita, katika msako wa Wayahudi, na alikuwa kifungoni katika kambi ya Dachau.

Asubuhi kijana anashuka kutoka chumbani, anamkuta mama mdogo mezani na barua mkononi. Yeye alikuja na habari zake: alikuwa na jaribio jipya la sumaku kubwa, alitaka kumweleza. Hapewi nafasi. Anasukumiwa barua, soma hii. Akaisoma, akasema labda Hahn amekosea. Mama mdogo akakataa: Hahn ni mkemia mzuri mno kukosea kitu kama hicho. Wakatoka kutembea kwenye theluji, kijana kavaa ubao wa kuteleza, yeye anatembea kwa miguu tu, naye alikuwa ameshatimiza miaka 60. Akasema hahitaji ubao, ataenda sambamba naye. Na akaenda.

Njiani wakaanza kufikiria kiini cha atomu kama tone la maji. Wazo hilo la tone halikuwa lao, George Gamow na Bohr walishalitumia. Tone la maji lina ngozi inayolishikilia, ndiyo maana linakuwa duara. Kiini nacho kina kitu kama ngozi hiyo. Lakini ndani yake mna protoni, na protoni zote zina chaji chanya, zinasukumana. Katika kiini kidogo ngozi inashinda. Katika urani, zimejaa protoni 92, na msukumano wao karibu unalingana na nguvu ya ngozi. Ni tone linalotikisika, linasubiri sababu tu. Nyutroni moja ikiingia, tone linarefuka, linabana kiuno, kiuno kinakatika, yanabaki matone mawili.

Hapa nilitaka kuwaonyesha kwa macho. Nikajaza puto maji, nikamwita msichana wa mbele alibane katikati polepole ili wenzake waone kiuno. Akabana. Puto likapasuka juu ya meza yangu, juu ya mitihani ya miaka iliyopita niliyokuwa nimeitoa fotokopi kwa pesa yangu mwenyewe. Darasa likapiga makofi. Nadhani hilo ndilo watakalolikumbuka, na si vibaya.

Rudi kwenye theluji. Walikaa kwenye gogo la mti lililoanguka, wakatoa vipande vya karatasi mfukoni, wakaanza hesabu. Hesabu hiyo niliiandika ubaoni, na naiandika hapa, kwa sababu ndiyo sababu ya mimi kumpenda huyu mama kuliko picha zote za WhatsApp.

Hesabu ya kwanza. Urani ni 92. Bariamu ni 56. Toa, unabaki na 36, nayo ni kriptoni. Hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Sasa vipande hivyo viwili, chaji 56 hapa na chaji 36 pale, vimetoka kukatana kiuno na bado vimekaribiana mno. Vitafukuzana kwa nguvu kiasi gani? Ukipiga, unapata takriban elektronivolti milioni 200; elektronivolti ni kipimo kidogo mno cha nishati. Kumbuka atomu moja ya kaboni inapoungua jikoni kwako inatoa kama nne tu. Sikusema milioni nne. Nne.

Nguvu hiyo imetoka wapi? Haiwezi kutoka hewani. Hapo ndipo Lise alipofanya alichofanya. Alijua kwa kichwa kanuni ya kukadiria uzito wa viini. Hakuwa na kitabu, hakuwa na jedwali, yuko porini kwenye baridi. Akapiga hesabu, akaona vipande viwili ukivijumlisha ni vyepesi kuliko urani iliyovizaa. Kilichopotea ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa protoni moja. Sasa chukua ile kanuni ya Einstein ambayo kila mtu anaivaa kwenye fulana: nishati ni uzito mara mwendo wa mwanga mara mwendo wa mwanga. Protoni nzima ukiigeuza nishati unapata elektronivolti milioni 938. Gawa kwa tano.

Niliwaacha wagawe wenyewe. Kijana wa Namtumbo ndiye aliyesema kwanza: "Mia na themanini na kitu, madam. Karibu mia mbili."

Karibu mia mbili. Njia mbili tofauti, moja ya umeme na nyingine ya uzito, zimekutana kwenye namba moja. Nikamwambia: moto wako umekaa hapo, kwenye ule uzito unaopotea. Kiini kimoja, ambacho huwezi kukiona kwa darubini yoyote uliyowahi kuishika, kinatoa nguvu ya kutosha kurusha punje ndogo ya mchanga ukaiona kwa jicho lako ikiruka.

Otto Robert alirudi Copenhagen akamwambia Bohr. Bohr akajipiga kwenye paji la uso, akasema wamekuwa wajinga wote. Mama na mwana wakaandika makala yao kwa simu, mmoja Stockholm, mwingine Copenhagen, ikatoka kwenye jarida la Nature tarehe 11 Februari 1939. Jina la kitendo chenyewe wakaliazima kwa wanabiolojia, lile la seli kujigawa mara mbili. Sisi tumeliita mpasuko wa nyuklia. Mimi silipendi sana. Kinachopasuka ni puto na tairi. Seli haipasuki, inagawanyika na kila upande unaondoka na lake. Lakini lugha ikishazoea huwezi kuigombeza.

Niwe mkweli, kwa sababu nawajua watu wa kusifia bila kipimo: Lise naye alikuwa ameshaipita kweli hiyo bila kuiona. Tangu 1934, mwanafizikia Enrico Fermi alipopiga urani kwa nyutroni kule Roma, kila mtu aliamini vinavyotokea ni vitu vipya vizito kuliko urani. Mwanamke Mjerumani, Ida Noddack, aliandika mwaka huohuo kwamba huenda kiini kinavunjika vipande vikubwa. Hawakumsikiliza, na Lise alikuwa mmoja wa wasiosikiliza. Fermi alipokea Nobel, pamoja na mengine, kwa vitu hivyo vipya ambavyo havikuwepo. Alikabidhiwa tarehe 10 Desemba 1938. Barua ya Hahn iliandikwa siku tisa baadaye.

Sasa ukimbizi.

Alifika Berlin mwaka 1907, na shahada ya udaktari kutoka Vienna, kumsikiliza mwanafizikia Max Planck. Akapata mwenzi wa kazi, huyu Hahn. Taasisi ya kemia haikuruhusu wanawake, kwa hiyo akapewa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala, chenye mlango wake wa nje, na akatakiwa asikanyage ghorofa za juu waliko wanafunzi wa kiume. Choo hakikuwepo. Alikuwa anatoka kwenda kwenye mgahawa wa jirani. Hili nimelisoma mara nyingi na kila mara nasimama hapohapo. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, shule niliyopangiwa ilikuwa na choo kimoja cha walimu, mlango haufungi, na walimu wanaume walikuwa 14. Nilikuwa navuka barabara kwenda kwa mama mmoja muuza genge. Ninajua hesabu anazofanya mtu wa namna hiyo kuanzia asubuhi: nimekunywa chai kiasi gani, kipindi kinaisha saa ngapi, mgahawa umefunguliwa au la. Hesabu hizo hazimo kwenye makala yake yoyote ya kisayansi.

Mwaka 1922 alitoa mhadhara wa kuthibitishwa kufundisha chuo kikuu, kuhusu fizikia ya anga za juu. Gazeti moja likatangaza kuwa bibi huyu amezungumzia fizikia ya vipodozi. Kwa Kijerumani ni kosmisch na kosmetisch: herufi chache zimeteleza, au mwandishi hakuamini alichosikia. Miaka minne baadaye akawa profesa, mwanamke wa kwanza wa fizikia Ujerumani nzima kufikia hapo. Mwaka 1933 Wanazi wakamnyang'anya ruhusa ya kufundisha kwa sababu ya damu yake. Akabaki. Alikuwa Mwaustria, akadhani pasipoti itamkinga. Machi 1938 Ujerumani ikaimeza Austria, pasipoti ikawa karatasi tu.

Tarehe 13 Julai 1938 akapanda treni kwenda Uholanzi na Mholanzi aitwaye Dirk Coster, mwanafizikia aliyekuja kumtoa. Masanduku mawili madogo. Pesa mfukoni, marki 10. Hahn alikuwa amempa pete ya almasi aliyorithi kwa mama yake, ya kumhonga askari wa mpakani ikibidi. Haikubidi. Miaka 31 ya Berlin, vyombo vyake, maabara yake, vitabu vyake, vyote nyuma. Baadaye alisema wazi kwamba kubaki baada ya 1933 halikuwa tu jambo la kijinga, lilikuwa kosa kubwa. Namheshimu zaidi kwa sentensi hiyo. Wakati huohuo alimwandikia Hahn, vita vilipokwisha, kwamba nyote mlifanya kazi kwa ajili ya Ujerumani ya Hitler na hamkujaribu hata kukataa kimyakimya. Urafiki wao haukufa, lakini barua hiyo ilikuwepo.

Nobel ya kemia ya 1944 akapewa Hahn peke yake, ikatangazwa Novemba 1945. Lise alipendekezwa karibu mara 50, kwa fizikia na kwa kemia, hakupata hata moja. Kuna watu wanaandika kurasa na kurasa juu ya dhuluma hii. Mimi nasema tu kwamba Strassmann naye aliachwa, na huyo hakuna anayemlilia kabisa.

Bomu nalo lazima nilitaje, maana kijana wa Namtumbo alilitaja. Mwaka 1943 Lise alialikwa kujiunga na wanasayansi wa Uingereza waliokuwa wanakwenda Los Alamos, Marekani, kutengeneza bomu la nyuklia. Alikuwa na njaa ya maabara, Stockholm walimpa chumba bila vifaa wala wasaidizi. Akakataa, akasema hataki kuhusika na bomu. Otto Robert alikwenda. Yeye ndiye, pamoja na Rudolf Peierls, aliyeandika 1940 huko Birmingham waraka wa kuonyesha kuwa bomu linawezekana. Mama mdogo na mtoto wa dada yake, waliokaa gogo moja, mmoja huku, mwingine kule. Na sehemu kubwa ya urani ya kazi hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kule Kongo, kwa mikono ya watu ambao wengi wao wakisimuliana habari za mgodi walisimuliana kwa Kiswahili. Darasa lilinyamaza hapo. Kengele ikalia.

Jioni nilipita Bombambili kwa mama mdogo. Alikuwa anakata matonge ya maandazi ya kesho. Nikamsimulia yote, huku namsaidia kukunja mikono ya gauni isiingie kwenye unga. Nikamwonyesha tonge: ukilivuta hivi, linabana kiuno, linakatika mbili. Akaniangalia kama anavyoniangalia tangu darasa la tatu.

"Kwa hiyo mama yake mdogo alikataa, mtoto akaenda."

"Ndiyo."

"Mtoto mkubwa humkatazi." Akanyunyiza unga mezani. "Na yule shemeji yake? Aliyefungwa. Walimtoa?"

Mimi nilikuwa nimemsimulia nishati, Nobel, bomu. Darasani hakuna aliyeuliza hilo, wala mimi mara ya kwanza nilipoisoma habari hii sikuwa nimejiuliza.

"Walimtoa," nikasema. "Yeye na mkewe walikwenda Sweden. Walifika kwa Lise, Stockholm."

"Na dada yake?"

"Na dada yake, mama mdogo. Ndiye mkewe."

"Haya," akasema. "Nisogezee hilo karai."